Jeni Inayotakiwa Kunyamaza

Wewe unayesoma hii kwa simu, pengine ukiwa ndani ya matatu iliyokwama Mlolongo, una jeni moja ambayo ikiamka ndani ya misuli yako, seli za misuli hiyo zinaanza kufa. Usishtuke. Mimi pia ninayo. Dereva anayo, makanga anayo, na yule mama wa kiti cha mbele aliyebeba kuku anayo. Inaitwa DUX4. Inakaa karibu sana na ncha ya kromosomu ya nne, na kwa watu wengi inalala maisha yao yote. Si kwamba imefutwa ama imeharibika. Imenyamazishwa, na kuna kazi inayofanyika ndani ya seli kila siku ili ibaki hivyo.

Kwetu nyumbani kazi hiyo haifanyiki vizuri. Hiyo ndiyo stori ninayotaka kuwapa. Mtanivumilia kidogo, kwa sababu haieleweki bila sayansi, na sayansi yenyewe niliisomea miaka miwili tu kabla karo kunirudisha mtaani.

Mjomba wangu, kakake mama, alikuwa fundi wa mbao huko Machakos. Fundi mzuri, yule wa kuitwa paa likishinda wengine. Alipofika miaka 24 hivi, mkono wake wa kulia ukaanza kukataa kupanda juu ya bega. Akawa anapigilia misumari huku mkono wa kushoto umeushika ule wa kulia kwenye kiwiko. Baadaye kazi ya paa ikamshinda kabisa, akabaki na viti na meza. Ukimwangalia kwa nyuma akiwa amevua shati, mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza kama mabawa.

Uso nao ulikuwa na mambo yake. Hakuweza kupiga mluzi. Soda hakunywa kwa mrija. Akilala, macho yake hayafungi yote, unaona weupe kidogo, na sisi watoto tulikuwa tunapita karibu naye kwa ncha za vidole tukidhani anatuona. Kwenye picha za harusi yeye ndiye yule asiyetabasamu. Watu wakasema ana madharau. Mguu ulipoanza kukokota wakasema ni pombe, ingawa hakuwahi kunywa. Mwisho wakasema kile kinachosemwa kila kitu kikikosa jina: amerogwa. Jirani mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba na babu akabebeshwa lawama. Ile familia na yetu hawasalimiani hadi leo, na wengine wetu wachanga hatujui hata ugomvi ulianza wapi.

Miaka mitano iliyopita mjomba akaonwa na daktari wa neva hapa Nairobi. Nilimsindikiza pamoja na mama. Daktari hakutumia mashine yoyote mwanzoni. Alimwambia afumbe macho kwa nguvu, apige mluzi, kisha ainue mikono kama mtu anayesifu kanisani. Haikuchukua dakika kumi. Akaandika herufi nne: FSHD. Ukizirefusha zinakuwa jina la distrofia ya misuli ya uso, bega na mkono wa juu. Madaktari wawili Wafaransa, Louis Landouzy na Joseph Jules Dejerine, waliieleza miaka ya 1880. Makadirio ya siku hizi yako kati ya mtu 1 kwa kila 8,000 na mtu 1 kwa kila 20,000. Yaani kwa uwanja mkubwa wa mpira uliojaa, kuna watu kadhaa humo ndani walio nayo, na huenda hakuna hata mmoja wao anayejua jina lake.

Daktari akaeleza kwamba kuna kipimo cha jeni, damu ingesafirishwa nje ya nchi, na akataja bei. Mjomba akauliza swali la fundi: "Kitabadilisha nini?" Daktari akamjibu bila kumzungusha. Kwako wewe, si mengi. Kwa ndugu na watoto, mengi. Mjomba hana watoto. Akageuka akamwangalia mama. Mama akaangalia mkoba wake.

Hapo ndipo nilianza kusoma tena, bila karo na bila mtihani.

Sasa, mimi hula kwa kunukuu. Mtu yuko nchi ya mbali, amerekodi mahojiano ya saa nzima, ananitumia sauti, mimi natoa maandishi. Kazi imepungua tangu kompyuta zianze kuifanya zenyewe, lakini bado kuna lafudhi zinazozishinda. Kwenye biolojia kuna kazi yenye jina hilo hilo, unukuzi. DNA ni kama kile kitabu cha maktaba kisichoruhusiwa kutoka mlangoni. Ukitaka ukurasa wake unatoa nakala, unaondoka na nakala. Nakala hiyo ndiyo RNA. Inatoka kwenye kiini cha seli, inaenda kule protini zinakotengenezwa, inasomwa, halafu inatupwa. Kila seli yako ina kitabu kizima, lakini seli ya ini inanukuu kurasa zake na seli ya msuli inanukuu zake. Tofauti kati ya ini na msuli ni kurasa zipi zinaruhusiwa kunukuliwa na zipi zimefungwa.

Kuna namna kadhaa za kufunga ukurasa. Seli inaweza kubandika alama ndogo za kemikali, makundi ya methili, juu ya DNA yenyewe. Inaweza pia kuikunja DNA kwenye protini zake kwa kuibana sana hadi mashine ya kunukuu isipate pa kuingilia. Mara nyingi hizi mbili zinaenda pamoja, kama duka lililoshushwa mlango wa bati na kufungwa kufuli.

Mahali ambapo milango ya bati ni mingi ni kwenye ncha za kromosomu.

Una kromosomu 46, kila moja ina ncha mbili, kwa hivyo jumla ni ncha 92 kwa kila seli. Mwaka 1938 Hermann Muller, aliyekuwa akivunja kromosomu za inzi wa matunda kwa eksrei, aliona kwamba vipande vilivyovunjika hushikana ovyo na vingine, lakini ncha za asili hazishikani na kitu. Akaziita telomea. Barbara McClintock, Marekani, akaona jambo kama hilo kwenye mahindi. Ukitaka kuielewa telomea fikiria upindo wa leso. Leso ambayo haijapindwa hufumuka uzi mmoja mmoja kila ukiifua. Kwa binadamu upindo huo ni herufi sita, TTAGGG, zikirudiwa maelfu ya mara. Hazina maagizo ya kutengeneza protini yoyote. Na kila seli inapogawanyika upindo unapungua, kwa kawaida kati ya herufi 50 na 100. Seli nyingi za mwili hazina njia ya kuurudisha. Ukiisha sana, seli inaacha kugawanyika.

Hiyo sehemu ya kufupika pengine umewahi kuisikia, kwa sababu kuna watu wanaiuza mitandaoni kwa chupa za vidonge vya ujana. Ambayo husikii sana ni kwamba upindo huo una amri juu ya majirani zake.

Mwaka 1990 Daniel Gottschling na wenzake walichukua jeni ya kawaida ya hamira wakaihamishia karibu na telomea. Jeni haikubadilishwa hata herufi moja, ilihamishwa makazi tu. Ikanyamaza. Waliitumia jeni ambayo ikizimwa, kikundi cha hamira kinakuwa chekundu, na ikiwaka kinakuwa cheupe. Wakapata vikundi vyenye vipande vyekundu na vyeupe kando kando, kama keki iliyokatwa. Seli ndugu, zenye DNA ile ile, lakini huku jeni imelala na kule imeamka, na kila upande unarithisha hali yake kwa seli zinazofuata. Sijui kwako, lakini mimi niliposoma hilo niliinuka nikatembea kidogo. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ukirithi kitu umerithi herufi. Kumbe unaweza kurithi pia kimya.

Kwa binadamu ikaonyeshwa mwaka 2001, huko Texas, kwenye maabara ya Woodring Wright na Jerry Shay. Waliweka jeni inayotoa mwanga karibu na telomea za seli za HeLa, zile seli za saratani zilizochukuliwa mwaka 1951 kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, bila kumwomba ruhusa. Jeni iliyowekwa karibu na ncha ilitoa mwanga hafifu mara kumi kuliko ile iliyowekwa katikati ya kromosomu. Wakazirefusha telomea, mwanga ukapungua zaidi. Maana yake, upindo mrefu unanyamazisha zaidi. Ukifupika, majirani wanaanza kupata sauti.

Na si majirani wa mlango kwa mlango tu. Mwaka 2014 maabara hiyo hiyo ilionyesha kwamba telomea ndefu inaweza kujikunja ikarudi ndani ya kromosomu na kugusa jeni zilizo umbali wa hadi herufi milioni 10. Ikifupika haifiki tena kule, na jeni zile zinabadilika. Kwa hivyo umri unapokula upindo, si lazima seli ingoje upindo uishe ndio mambo yabadilike. Kuna jeni zinazoanza kubadilika njiani, mapema, wakati mtu bado ni kijana.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba telomea zenyewe ni kimya kabisa. Mwaka 2007 Claus Azzalin, Joachim Lingner na wenzao huko Uswisi wakatangaza kwamba hapana, zinanukuliwa. Ncha zetu zinatoa RNA yao wenyewe, UUAGGG UUAGGG UUAGGG, ambayo ilipewa jina TERRA. Unukuzi wake huanzia kwenye eneo lililo jirani na telomea kisha unaelekea kwenye ncha. Nayo inadhibitiwa. Kwenye seli za kawaida zinazogawanyika huwa nyingi kabla seli haijaanza kunakili DNA yake, kisha hupungua kazi hiyo inapoelekea kumalizika. Alama za methili huishusha. Tunajua hivyo kwa sababu kuna ugonjwa nadra wa kinga uitwao ICF, ambao wengi wa watoto walio nao wana hitilafu kwenye kimeng'enya cha kubandika alama hizo. TERRA yao iko juu kupita kiasi na telomea zao ni fupi kupita kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Ubelgiji waliwaendesha baiskeli vijana 10 wazima kwa dakika 45, wakachukua vipande vidogo vya misuli yao, wakakuta TERRA imepanda baada ya mazoezi. Kwa hivyo hata ncha inasema. Ila inasema kwa kiasi, na kwa wakati wake.

Sasa turudi kwa DUX4.

Karibu na ncha ya kromosomu ya nne kuna kipande cha DNA cha herufi karibu 3,300 kinachoitwa D4Z4, na ndani ya kila kipande kuna nakala ya jeni ya DUX4. Kipande hiki kinajirudia. Kwa watu wengi kinajirudia mara 11 hadi 100 au zaidi. Marudio yakiwa mengi, seli inayatambua na kuyafunga yote kwa pamoja. Mtu mwenye FSHD ya kawaida ana marudio kati ya 1 na 10 tu kwenye kromosomu moja ya nne. Ni machache mno kufungwa vizuri. Mlango wa bati unashuka lakini haufiki chini, na kupitia ule mwanya DUX4 inanukuliwa.

Hata hivyo mwanya pekee hautoshi. Swali hilo liliwasumbua watafiti karibu miaka 20, kwa sababu kulikuwa na watu wenye marudio machache ambao ni wazima kabisa. Mwaka 2010 kikundi kilichoongozwa na watafiti wa Leiden, Uholanzi, kikapata jibu. Ncha ya kromosomu ya nne ina matoleo mawili makuu. Toleo moja, lililo upande wa mwisho baada ya marudio, lina herufi chache zinazoiambia seli imalizie RNA ya DUX4 kwa mkia. RNA isiyo na mkia ni kama barua isiyo na muhuri wa chifu, inafika ofisini inatupwa. Toleo lingine halina herufi hizo, kwa hivyo hata jeni ikinukuliwa, nakala inaharibiwa kabla haijasomwa. Ili uugue unahitaji vyote viwili: marudio machache na ncha ya toleo lenye mhuri. Kuna pia sehemu ndogo ya wagonjwa, karibu 5 kwa kila 100, ambao marudio yao si machache kiasi hicho, ila wengi wao wana hitilafu kwenye jeni nyingine, hasa SMCHD1, ambayo kazi yake ni kusaidia kufunga.

Nilipofika hapo nikaacha kuona ugonjwa wa mjomba kama kitu kilichoongezwa mwilini mwake. Hakuna kilichoongezwa. Hakuna sumu, hakuna mkono wa mtu. DUX4 si hata jeni mbaya. Siku chache baada ya mimba kutungwa, wakati ulikuwa mkusanyiko wa seli mbili tatu nne, DUX4 iliamka kwa muda mfupi, ikaamsha jeni nyingine za kuanzisha maisha yako, kisha ikafungiwa. Ilifanya kazi yake. Tatizo ni pale inapoamka tena miaka 20 baadaye, ndani ya msuli wa bega, na kuanza kutoa amri za kiinitete kwa seli ya mtu mzima. Inatosha iamke kwenye seli chache sana. Kwenye seli za misuli zinazokuzwa maabara kutoka kwa wagonjwa, ni takriban 1 kati ya 1,000 inayoonekana ikiitoa kwa wakati mmoja.

Mbona miaka 20 baadaye? Mbona mjomba alizaliwa na kromosomu hiyo lakini akaezeka paa hadi miaka 24? Hakuna jibu moja linalomaliza swali hili, ila sehemu ya jibu iko kwenye upindo. Mwaka 2013 ile maabara ya Texas ilichukua seli za misuli za wagonjwa wa FSHD zenye telomea za urefu tofauti. Zile zenye telomea fupi zilitoa DUX4 zaidi ya mara 10 kuliko zenye telomea ndefu. Marudio ni yale yale, herufi ni zile zile. Mlango ulikuwa na mwanya tangu kuzaliwa, lakini upindo mrefu ulikuwa bado unasaidia kuusukuma. Ulipofupika, mwanya ukabaki peke yake.

Hiyo ndiyo sayansi. Sasa hesabu.

Ugonjwa huu, kwa aina yake ya kawaida, unarithiwa kutoka kwa mzazi mmoja tu. Mzazi aliye nao, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu. Kama mama alirithi kromosomu aliyorithi mjomba, mimi nina nusu, na mdogo wangu wa kiume ana nusu. Kama hakuirithi, sisi wote wawili tuko nje ya hii stori. Damu ya mama, chupa moja ndogo, ina majibu ya watu watatu.

Mama hataki. "Nimefika miaka 51 bila kuhesabiwa marudio," aliniambia. "Hesabu za nini sasa?" Na mimi namuelewa kuliko anavyofikiri. Hakuna dawa ya kuponya. Mwaka 2024 dawa iitwayo losmapimod, ambayo wagonjwa wengi duniani walikuwa wameitegea macho, ilishindwa kufikia lengo kwenye jaribio lake la mwisho. Zaidi ya hapo mama anajua mtaa wetu. Jina la ugonjwa wa kurithi likitoka nje ya nyumba halirudi. Linakaa kwenye mazungumzo ya mahari. Linakaa kwenye mkutano wa ukoo. Amelea watoto wawili kwa kujua ni nini cha kusema na ni nini cha kumeza, na ile kazi ya kumeza imetufikisha hapa tulipo. Sitaiita woga.

Lakini kamba ya nguo nyumbani imeshushwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa miaka minne iliyopita, mara ya pili ilikuwa Desemba. Hakuna aliyesema ni kwa nini. Baba alichukua nyundo tu akaishusha, na mama akaanika.

Na mdogo wangu ana miaka 19 na anataka kuingia jeshi. Kila asubuhi saa kumi na moja yuko barabarani anakimbia. Amejitengenezea chuma cha mazoezi kwa saruji na mikebe ya rangi. Mwezi uliopita aliniuliza, akiwa hana habari yoyote, kama ni kawaida bega moja kuwa chini kuliko lingine. Aliuliza hivyo hivyo, akitafuta chaja.

Mama alisema nisimwambie. "Ataenda kule mbele ya wale maafisa na hofu tayari iko kichwani." Tulibishana jikoni kwa sauti ya chini hadi uji ukaungua. Hoja yangu ilikuwa kwamba kuna kimya kinachofanya kazi, kama kile cha ncha ya kromosomu, ambacho kikiondolewa mtu anaumia. Hicho tukikosee heshima kwa hasara yetu. Halafu kuna kimya ambacho hakijawahi kumlinda mtu. Kimya cha aina hiyo kilimfanya mjomba aitwe mlevi miaka kumi. Kilifanya jirani asiye na hatia aitwe mchawi. Kilimweka mtu mwenye mikono isiyoinuka juu ya paa la bati, mita nne kutoka chini, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke mapema. Tangu mjomba apate jina la ugonjwa wake, anapaka dawa machoni usiku ili yasikauke, amejua mazoezi gani ni salama na uzito gani asiubebe, na meza yake ya kazi imeshushwa ifike kiunoni. Hajapona. Lakini hajaanguka pia.

Mama hakunijibu. Alisugua sufuria.

Jumamosi nikamwambia mdogo wangu. Tulikuwa tumekaa nje ya kinyozi tukingoja foleni. Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi, upindo, mlango wa bati, muhuri wa chifu. Nikamwambia kuhusu ile nusu. Alinyamaza kidogo, kisha akapiga mluzi. Mluzi safi, mrefu, mpaka kinyozi akageuka.

"Si umesikia?" akasema.

Nikamwambia nimesikia, lakini mluzi si kipimo. Watu wengine uso wao hauguswi, au unaguswa baadaye. Akauliza mimi je, ninaweza? Nikajaribu. Ikatoka hewa na sauti nyembamba kama ya aaga inayokaribia kuchemka. Sijawahi kuweza kupiga mluzi vizuri, tangu utotoni, na kuna watu mamilioni wazima kabisa ambao hawawezi. Tukacheka wote wawili, yeye zaidi yangu. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa mtu wa miaka 19: "Buda, kwani babu alikuwa nayo? Lazima ilitoka mahali."

Babu alikufa ajalini kabla hajafika miaka 40, na hakuna anayemkumbuka akiwa na shida ya mikono. Kwa hivyo jioni tukampigia nyanya. Nyanya ana miaka 80 na kitu na simu yake inasikika kama iko ndani ya mtungi. Tukaiweka kwa sauti kubwa mezani, mama akiwa pale pale anachambua maharagwe na kujifanya hasikii. Nikamuuliza nyanya kama kwa ukoo wa babu kulikuwa na mtu aliyekuwa na mabega ya ajabu, ama asiyeweza kupiga mluzi.

"Mluzi?" Nyanya akafikiri. "Mluzi sijui. Lakini babake babu yenu alikuwa analala macho wazi. Mimi nilipoolewa pale niliogopa sana. Watu walisema ndiyo sababu hakuwahi kuibiwa ng'ombe hata mmoja. Wezi walikuwa wakichungulia wanadhani mzee yuko macho!"

Akacheka hadi akakohoa. Mdogo wangu akacheka. Nikamwona mama mabega yakitikisika, na nikadhani analia, lakini naye alikuwa anacheka, mkono mmoja umefunika mdomo na mwingine uko ndani ya maharagwe.

Nyanya alipokata simu, nikatoa karatasi nikaanza kuchora ukoo jinsi daktari alivyotuonyesha, mraba kwa mwanaume, duara kwa mwanamke. Mraba wa mzee wa macho wazi nikauweka juu kabisa, na alama ya kuuliza kwenye ya babu. Nikashuka kwa mjomba. Nikafika kwa duara la mama nikaliacha tupu.

Mama alikuwa anaangalia karatasi kichwa chini miguu juu, kutoka upande wake wa meza.

"Hicho kipimo," akasema, "ni pesa ngapi?"

Nikamtajia. Akarudi kwa maharagwe. Akachambua kama dakika nzima, akatupa jiwe dogo kwenye sahani.

"Chama kinanifikia Novemba," akasema.